Meli za Mafuta Zilikuwa za Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 1919 Marekani ilikataa kwa muda kuikabidhi Uingereza meli kubwa ya abiria, Imperator, kwa sababu ya mgogoro juu ya meli za mafuta za Kijerumani. Nchi hizo mbili zilipigana vita upande mmoja. Ilikuwaje kampuni ya Kimarekani ikadai meli zenye bendera ya adui?
Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, bendera ilikuwa ya Kijerumani lakini mtaji ulikuwa wa Kimarekani, na fundo lilikuwa hapo. Meli hizo ziliandikishwa kwa jina la Deutsch-Amerikanische Petroleum Gesellschaft, kampuni iliyoundwa mwaka 1890 kwa ubia wa Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Kimarekani, na wafanyabiashara wa Kijerumani. Vita vilipokwisha, Mkataba wa Versailles, huohuo uliowaondolea Wajerumani mamlaka juu ya nchi yetu, uliwataka watoe kila meli ya biashara yenye ukubwa wa tani 1,600 au zaidi, ili kufidia zile walizozizamisha. Standard Oil ya New Jersey ikalalamika kwa serikali yake kwamba kumnyang'anya Mjerumani meli hizi ni kumnyang'anya Mmarekani, kwa kuwa mwenye hisa ni yeye.

Wakati huo Imperator ilikuwa mikononi mwa Wamarekani, ambao walikuwa wameitumia kuwarudisha askari wao kwao. Washington ikaishikilia kama rehani. Haikuwa diplomasia ya kupendeza, nami nadhani ilionyesha zaidi udhaifu kuliko nguvu, maana Baraza la Seneti lilikuwa likielekea kuukataa mkataba, na asiyeukubali mkataba hana sauti kubwa katika kugawa mali inayopatikana kwa mkataba huo. Mwishoni mwa 1919 Imperator iliachiwa.

Hata hivyo, madai hayakufa. Tarehe 7 Juni 1920 Marekani na Tume ya Fidia, chombo cha nchi washindi kilichosimamia fidia za Ujerumani, zilikubaliana kwamba suala la umiliki lipelekwe kwa wasuluhishi, nao walitoa uamuzi wao mjini Paris tarehe 5 Agosti 1926. Waliamua kwamba kampuni ni mtu wa peke yake mbele ya sheria: meli ni mali yake, siyo ya wanahisa wake, hata kama hisa zote zimo mkononi mwa mmoja. Mwanahisa anastahili gawio la faida, na kampuni ikivunjwa anastahili kinachobaki baada ya wadai kulipwa. Kabla ya hapo hawezi kunyoosha kidole bandarini na kusema meli ile ni yangu. Kwa hiyo Standard Oil ilishindwa, na hoja hiyo bado hutajwa na wanasheria wa kimataifa kila wanapobishana juu ya haki za wanahisa wa kigeni.

Ama Imperator yenyewe, hukumu iliposomwa ilikuwa imekwisha kuitwa Berengaria, ikivusha abiria wa kampuni ya Kiingereza ya Cunard kwenda New York na kurudi.