Zinakula wapi?

Umeuliza Facebook na TikTok zinakula wapi ilhali hatulipi hata senti. Ndugu, zinauza macho yako. Kila ukifungua programu, mnada unapita kufumba na kufumbua: watangazaji wanagombea nafasi ile moja, anayeshinda ndiye unayemwona. Mwaka 2023 Meta, kampuni mama ya Facebook, iliingiza takriban dola bilioni 135, karibu zote za matangazo. Ndiyo maana video ikiisha nyingine inaanza yenyewe, hujabonyeza kitu. Ukisita sekunde tatu tu kwenye picha ya viatu, basi, umeshaandikwa! Kesho viatu vinakufuata kila kona. YouTube angalau humgawia mwenye video ndefu asilimia 55 ya pato la matangazo yake, akishakubaliwa kwenye mpango wao.