Konso mama, fungua mgongo kwanza

Mwanangu Konsolata, mama yangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mama yako akiwa anachambua mchele, akacheka mpaka mimi nikakasirika. Unauliza hivi: yule mzee wa kwaya yenu huko Genova amekualika uingie kwenye shirika lao la manaiti, yaani watu wanaovishwa cheo cha askari farasi wa kale wa Ulaya, lina msalaba wa ncha nane, linasema limetoka Yerusalemu enzi za Vita vya Msalaba, ada euro 600 na joho unajinunulia mwenyewe, je Vatikano inawatambua au hapana.

Jibu lake ni fupi na ungelipata bila mimi. Tarehe 16 Oktoba 2012 Sekretarieti ya Vatikano ilitoa tangazo kwamba ukiacha nishani tano za Papa mwenyewe, kama ile ya Mtakatifu Gregori na ile ya Mtakatifu Silvesta, mashirika ya manaiti wanayoyatambua ni mawili tu, la Malta na la Kaburi Takatifu. Mengine yote, yawe ya jana au ya zama za kati, hawayatambui, vyeti vyake na misalaba yake hawaipi thamani yoyote, na hawaoni inafaa watu wavishane majoho makanisani. Na hilo halikuwa onyo la kwanza, hata miaka ya 70 walishalisema. Kwa hiyo angalia jina kwenye karatasi yako, kama haliko kwenye hayo saba basi ndio hivyo.

Sasa hilo tuliweke pembeni maana mimi nataka kukujibu lingine, ulichouliza mwishoni kama utani, kwamba "baba si na wewe ulikuwa na nishani kama hiyo, ile ya kwenye picha ya sebuleni, ilitokea wapi?"

Unajua msemo wangu, mlikua mnauimba wewe na kaka zako mkinikebehi: saa haijulikani kwa uso, inajulikana ukifungua mgongo. Uso wowote unachapwa. Nimekaa kwenye kile kibanda cha stendi nikitengeneza saa miaka 31 na nimeona majina ya Uswisi yameandikwa vizuri kuliko ya Uswisi yenyewe, ukifungua ndani unakuta kimashine cha plastiki na kibetri, kinatetemeka tu kama panya kwenye debe.

Basi mwaka 1997 alikuja bwana mmoja, suti ya kijivu, lafudhi ya mbali, akaniletea saa imesimama. Uso wa dhahabu, jina kubwa. Nikafungua mgongo, mama, nikaona. Kimashine cha plastiki. Sikusema kitu maana mteja haaibishwi, nikabadilisha betri nikafunga. Wakati nafunga akaniangalia akaniuliza wewe ni Mkatoliki, nikasema ndio, niko UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, mweka hazina. Akatoa bahasha ya mwaliko wa shirika la manaiti.

Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Nilikuwa nimeshaifungua saa yake! Mtu ambaye saa yake nimeiona ndani kwa kioo cha jicho, bado nikampa dola 300. Na unajua dola 300 zilikuwa za nini, maana ndio mwaka ule tuliezeka nusu ya nyumba na nusu ikakaa na turubai hadi mvua za masika zilizofuata, na mama yako anakumbuka kila bati.

Cheti kilikuja kizuri sana, karatasi nene, muhuri wa nta mwekundu. Kinasema shirika lilianza Yerusalemu, likapita Malta, likapita kwa Mfalme wa Urusi, likapita New York, mpaka Arusha kwenye ukumbi wa hoteli ambako tulipiga magoti watu kumi na wawili tukaguswa begani na upanga mwepesi kama mwiko wa ugali. Mimi nilifikiri hayo ya Urusi wameyatunga, kumbe hapana, miaka mingi baadaye ndio nikaanza kusoma kidogokidogo nikakuta hapo ndipo penyewe hasa.

Iko hivi. La Malta, lile la kweli, lilianza kama hospitali ya mahujaji Yerusalemu, wafanyabiashara wa Amalfi ndio walioifungua, kiongozi wao akaitwa Gerardo, na tarehe 15 Februari 1113 Papa Paskali wa Pili akawapa hati. Walipofukuzwa Nchi Takatifu wakaenda Rhodes, halafu 1530 wakapewa kisiwa cha Malta, na kodi yao ilikuwa ndege kozi mmoja kila mwaka (mwenye nyumba wa hivyo mimi sijawahi kumpata). Wakakaa mpaka 1798 Napoleon anapita kwenda Misri akawatoa. Hapo baadhi yao wakakimbilia kwa Paulo wa Kwanza wa Urusi wakamtangaza Mkuu wa Shirika. Sasa fikiria, Mwothodoksi, ana mke na watoto, ndio mkuu wa shirika la watawa Wakatoliki! Papa hakukubali kamwe. Paulo akauawa Machi 1801, mwanawe hakukitaka kile cheo, na shirika lenyewe likahangaika hadi likatua Roma mwaka 1834.

Lakini yale mambo ya Urusi yaliacha spea nyingi zimezagaa. Vyeo vya kurithishana, misalaba, majina makubwa, na hakuna mtu wa kuvikagua. Miaka mia na hamsini baadaye watu wa Marekani wakaanza kuokota zile spea na kuunda saa zao, na walipogombana, maana waligombana sana hao, kila mmoja akaondoka na cheti chake akaanzisha lake. Na msalaba ni uleule. Ncha nane, wanasema ni zile Heri Nane za mlimani, mweupe juu ya cheusi. Msalaba haujui nani kauchora, ndio maana ni uso mzuri sana wa kuchapa.

Kile kinishani changu cha msalaba nilikifungua usiku uleule tuliporudi kutoka Arusha. Niliwasha taa ya mezani nikaweka kioo jichoni. Mgongoni kulikuwa na mshono wa kalibu, yani kimemiminwa, hakijachongwa, na ile rangi nyeupe haikuchomwa kwenye moto, imepakwa, nikakwaruza kidogo kwa ncha ya bisibisi ikatoka kama ya kucha. Chini yake madini meupe laini, hata shaba sio. Utepe ulikuwa mzuri lakini, siwezi kusema uongo, hariri nzito.

Kwa hiyo nilijua. Wiki nzima nilijua.

Hapa mama yako huwa ananikatiza anasema basi kama ulijua ulikuwa mjinga mara mbili. Inawezekana. Lakini nami huwa najiuliza, hivi hata zile za kweli, ukizifungua, si kuna spea? Hao wa Malta baada ya Mkuu wao Tommasi kufa 1805 walikaa na makaimu tu mpaka 1879, miaka 74 saa haina mshale mkubwa. Ila mashine haikubadilishwa, mkono wa Papa ulikuwepo muda wote, hiyo ndiyo tofauti, sawa. Ya Mtakatifu Lazaro je, shirika lingine la manaiti? Ile ilikuwa ya wakoma kweli, Yerusalemu, msalaba wao ukaja kuwa wa kijani, mji wa Akka ulipoanguka 1291 wakaenda Ufaransa wakakaa chini ya wafalme, na 1830 mfalme alipopinduliwa ulinzi ukaisha, halafu 1910 watu pale Paris wakatoa statuti, yaani kanuni za shirika, upya. Wenyewe wanasema haikufa. Saa iliyosimama miaka themanini mtu akaijaza ufunguo ikaanza kudunda, ni ileile au siyo ileile? Mimi wateja wameniletea saa za marehemu babu zao nikazifufua na hakuna aliyeniambia hii siyo ya babu. Ila huyo aliyeijaza alikuwa mjukuu au mpita njia? Unaona, nabishana mwenyewe na chai inapoa.

Na kuna Mfalme Kigeli wa Tano wa Rwanda, yule aliyeng'olewa 1961, akapita hapa kwetu Tanganyika, Kampala, Nairobi, akaishia Marekani. Kaka yake Mutara alipewa nishani ya Mtakatifu Gregori na Papa mwaka 1947, yeye mdogo mtu huko uhamishoni akawa anawatunuku unaiti watu wa mataifa mengine mpaka alipofariki 2016. Kuna waliosema mfalme aliyeng'olewa bado ana haki hiyo, haitoki na kiti, na kuna waliocheka. Mimi huyo simcheki. Angalau alikuwa mfalme.

Sasa joho. Tarehe 24 Juni, sikukuu ya Yohane Mbatizaji, ambayo ndiyo sikukuu ya hao wa Malta, nikalivaa Misa ya kwanza. Jeusi, msalaba mweupe begani kushoto. Nilitembea katikati ya kanisa mpaka benchi la tatu na watoto wakanyamaza, na bibi yako, uliyebeba jina lake, alinisogezea nafasi akiwa amenyooka kama yeye ndiye aliyevishwa. Kabla ya wimbo wa mwanzo katekista akaja kwa nyuma akaniinamia: "Mzee, paroko anaomba joho likae sakristia."

Nikalivua. Chini nilikuwa na lile shati lenye kiraka mgongoni, maana sikupanga kulivua. Katekista akanyoosha mkono alichukue, bibi yako akalidaka yeye, akalikunja mara nne akalipakata Misa nzima kama mtoto mchanga. Akaninong'oneza kitu kimoja tu: "Huu weupe unafuliwa na nini?"

Paroko alikuwa sahihi. Nimekuja kuisoma sheria na alikuwa sahihi kabisa. Lakini angeweza kuniita jana yake, kibanda changu hakiko mbali.

Bibi hakulirudisha. Alilifanya la kujifunika miguu kipindi cha baridi ya Julai, na alipofariki wale mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, waliomuosha walilikuta kitandani wakalitandika juu yake, mimi niko nje na wanaume sikujua. Paroko yuleyule alifika, akaliona, msalaba umegeukia juu. Akasimama kidogo. Halafu akanyunyizia maji ya baraka na tukaendelea.

Kwa hiyo unaponiuliza uingie usiingie mimi sijui nikuambie nini, umri huo unao. Euro 600 ni hela, bati umeziona bei yake siku hizi? Nilikuwa nisiseme ila nimeshasema. Muulize tu huyo mzee akuoneshe msalaba wake, useme baba yako ni fundi, upige picha mgongoni, sio mbele, karibu, na taa iwe ya pembeni ili mshono uonekane. Nitumie kwa WhatsApp nitaangalia.

Changu kipo droo ya pili na mikanda ya saa. Mama yako anauliza zile soksi zilifika?

Baba yako