Kabla hujaomba kuhamia mjini

Wadogo zangu mlioteuliwa juzi kuwa Maafisa Elimu Kata, hongereni. Semina itawafundisha kukagua maandalio ya somo na kujaza takwimu. Ya mfukoni mtajionea wenyewe, ndiyo maana naandika.

Mshahara wetu unafuata daraja, haufuati mji. Aliye daraja la walimu la TGTS E1 Temeke na aliye TGTS E1 Sumbawanga wanapokea kilekile. Makato nayo hayajui mkoa: mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, bima ya afya 3, bodi ya mikopo 15 kwa mwenye deni la chuo, kodi juu yake.

Mimi nilianzia Rukwa. Chumba na sebule nililipa mwezi kwa mwezi, mahindi nilinunua gunia wakati wa mavuno. Nikajiona nimesahaulika, nikaomba Dar es Salaam. Kwa kuwa niliomba mwenyewe, sikupata hata senti ya uhamisho. Hulipwa anayehamishwa na mwajiri. Mbagala mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali naye akataka yake ya mwezi mmoja. Benki ikapiga hesabu: lazima nibaki na theluthi ya mshahara, na bodi ilishachukua chake. Mkopo ukatoka kiduchu. Pengo nililiziba kwa kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na mwaka mzima nilikuwa afisa wa kata nisiye na nauli.

Ila msidhani kijijini ni bure. Kule shule ya mwisho ilikuwa ng'ambo ya mto, masika nazunguka nusu siku, na petroli nanunua ya kwenye chupa, ghali kuliko ya kituoni. Fedha ya mafuta ikichelewa unajaza mwenyewe. Mjini shule zangu zote nazimaliza kwa miguu na daladala. Kwa hiyo usiulize bei ya chumba tu. Uliza na shule ya mwisho iko wapi, na masika inafikikaje. Nenda ukalale siku mbili, uende sokoni, ndipo uandike barua.

Na posho ya madaraka, shilingi 250,000 enzi zangu, ni ya kiti, si yako. Mwenzangu aliipangia kodi ya nyumba yote. Barua ya kurudi darasani ilimkuta mwezi wa pili wa mkataba wa nyumba.