Ligombo la Kalenga na fedha za Uingereza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha sanaa hapa Kihesa, Iringa. Ndugu zetu walioko Uingereza wana shirika la hisani lililosajiliwa. Tuliandika nao andiko la kurekodi wazee wanaopiga ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, upande wa Kalenga, kisha kufundisha watoto wetu wa huku na wa huko. Tuliomba pauni 40,000 kwa National Lottery Heritage Fund, tukakataliwa mara mbili. Je, shida ni Kiingereza chetu?

JIBU: Marahaba, katibu. Andiko nimelisoma lote, na Kiingereza chenu kimenyooka kuliko cha wengi ninaowasaidia. Mlibisha hodi nyumba isiyo yenu. Mfuko ule hugawa fedha za bahati nasibu kwa urithi ulioko Uingereza. Ligombo linalopigwa Kalenga, hata likiliza watu, kwao liko nje ya uzio. Ila watoto wa Kihehe wanaokulia Leicester, na nyimbo ambazo mama zao waliondoka nazo kichwani, hao na hizo ni habari ya Uingereza. Lipasueni andiko vipande viwili. Mafunzo ya watoto wa huko na simulizi za waliohamia, ombeni palepale mlipokataliwa.

Kipande cha Iringa mtu atawaelekeza Cultural Protection Fund, mfuko wa British Council (shirika la utamaduni la Uingereza) ulioanza mwaka 2016. Tanzania imo kwenye orodha yao, lakini wanauliza urithi unatishiwaje na vita au mabadiliko ya tabianchi. Ninyi mmeandika kwamba vijana wamehamia Bongo Fleva. Ni kweli tupu, ila si jibu la swali lao, na msijaribu kulilazimisha.

Mimi ningefanya harambee. Walipa kodi wa Uingereza wakichangia shirika lenu na kujaza tamko la Gift Aid, serikali yao huongeza peni 25 kwa kila pauni. Mkikusanya pauni 2,400, zinakuwa 3,000 bila kuandika andiko lolote. Angalizo: mtu akinunua tiketi ya chakula cha jioni, hapo amenunua chakula, hakuchangia. Tiketi zihesabiwe kando.

Sasa bajeti. Mmeandika “Usafiri: 6,000,000”, basi. Msomaji wa London ataona tarakimu tu, mimi wa hapa naona mtu aliyekadiria akiwa amekaa. Andikeni hivi: pikipiki 2, siku 12, shilingi 20,000 kila moja kwa siku, jumla 480,000. Posho ya wazee 8 kwa siku 3, shilingi 30,000 kila mmoja kwa siku: 720,000. Nanyi mtashangaa jinsi kazi ya Iringa ilivyo ndogo. Pangeni Juni au Julai. Masika mtailipia tope. Kila shilingi iwe na stakabadhi au sahihi ya mzee aliyeipokea, kwa sababu wadhamini wa shirika kule ndio watakaoulizwa pesa ilikwenda wapi, hata kama imetumika Kalenga. Kabla haijatumwa, muwe na makubaliano ya maandishi kati yenu na wao. Undugu si mkataba.

Jambo la mwisho ndilo lililonikera. Ukurasa wa pili mnasema ligombo “halijawahi kurekodiwa”. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1950, na kazi zake zinatunzwa ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mtathmini akiligundua hilo kwa dakika tano za kutafuta, hata mistari yenu ya kweli ataitilia shaka. Futeni. Waandikieni ILAM kuomba nakala, mkawasikilizishe wazee. Mzee akisema “hapa kakosea, sisi tulikuwa tunapiga hivi”, washeni kinasa sauti, mkiwa mmeshamwomba ridhaa na kumweleza nani atasikiliza.

Nitumie kwanza bajeti ya upande wa Iringa. Ya kule, wenzako ndio wanaojua bei za kumbi.