Kombi ya Baba na Kombi Yangu

"Dada, nimepangiwa PCM. Nikifungua kitabu nasinzia. Nifanyeje?"

Ujumbe huu, wa mwanafunzi aliyepangiwa kombi (masomo matatu ya kidato cha tano na sita) ya fizikia, kemia na hesabu, uliingia juzi, na jibu nilikuwa nalo kabla sijaumaliza. Mimi nilipelekwa PCB (fizikia, kemia na biolojia) kwa sababu baba alishawatangazia majirani kwamba nyumbani kwake atatoka daktari.

Kubukua nilibukua, jamani. Prepo nilikuwa wa mwisho kutoka. Lakini jaribio la fizikia likirudishwa, nilikunja karatasi bila kuangalia nilipokosea. Nikaandika barua ya kuhamia HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Baba hakunisemesha likizo nzima. Historia nayo ilinipa alama mbovu mwanzoni, ila hizo ziliniuma: nilimfuata mwalimu hadi ofisini nijue nimekosa wapi. Daraja la kwanza nikalipata. Mliosema HKL ni ya walioshindwa hesabu, nawasalimu.

Baadaye nikakutana na utafiti wa Kou Murayama na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Cerebral Cortex mwaka 2015. Kazi yenyewe ya kitoto: bonyeza kitufe usimamishe saa karibu kabisa na sekunde 5. Mara nyingine mtu alijichagulia sura ya saa, mara nyingine alipangiwa. Ugumu ulikuwa uleule, lakini watu walilenga vizuri zaidi kwa saa waliyoichagua. Sura ya saa tu! Sembuse kombi ya miaka miwili?

Kilichonigusa zaidi ni picha za ubongo. Mtu akikosa kwa saa aliyopangiwa, shughuli ilishuka katika sehemu ya mbele, chini katikati, inayohusika na kuyapa mambo thamani. Akikosa kwa saa aliyoichagua, haikushuka. Watafiti wanaona hapo kosa lilibaki na faida, la kumfundisha mtu kitu. Nikaikumbuka ile karatasi ya fizikia.

Wazazi, mwacheni mtoto achague. Mshaurini, mbembelezeni, lakini achague. Ada mnayolipa hainunui hamu yake.

Na wewe mdogo wangu, chagua. Kama shule ina nafasi, peleka barua wiki hii kabla masomo hayajakolea, na mtaje mwalimu wa somo unalolitaka. Wakikukatalia, jichagulie mada ya kuanza nayo, saa ya kusoma na mtu wa kusoma naye. Baba akinuna, mwache anune. Wangu alikuja kwenye mahafali amevaa suti.