Sakafu Iwe ya Mwisho

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: ukikabidhiwa funguo za nyumba unayohamia, uanze kusafisha wapi? Anza kwenye simtanki, na sakafu iwe ya mwisho kabisa. Wengi wakifungua mlango tu wanapiga deki, kisha ndiyo wanakumbuka buibui wa kwenye dari. Vumbi linashuka kwenye sakafu mbichi na kuwa tope, kazi inaanza upya.

Simtanki hutangulia kwa sababu dawa yake inataka kulala usiku mzima. Funga koki ya maji yanayoingia, toa yaliyomo, sugua ndani kwa brashi ya mpini mrefu. Chini utakuta tope laini. Lichote au laza tenki limwagike. Usiliache lishuke kwenye bomba la ndani. Kama maji yanatoka kwenye kisima cha chini ya ardhi, usiingie humo peke yako, hewa yake huweza kukuangusha kabla hujapiga kelele.

Tenki la lita 1,000 lijaze maji mapya na utie lita moja na nusu ya jiki isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5. Hapo unapata takriban miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Chupa iliyokaa muda mrefu kwenye joto huwa imepungua nguvu, kwa hiyo angalia tarehe yake. Ondoa vichujio vidogo vya kwenye midomo ya bomba, maana masalia ya tope yatavijaza, kisha fungulia bomba moja baada ya jingine mpaka usikie harufu ya klorini. Funga, acha hadi kesho. Maji hayo hayanywewi wala hayapikiwi, lakini kwa kudekia yanafaa sana. Usiyamwage yote chooni, yatawadhoofisha bakteria wa shimo. Mwisho suuza mabomba kwa maji safi mpaka harufu iishe.

Dawa ikiwa kazini, fanya kazi kavu: dari, feni, juu ya makabati, nyavu za mbu. Madirisha ya slaidi yana matundu madogo kwenye reli ya chini, upande wa nje. Yakizibwa na mchanga, mvua ya kwanza itamwagika sebuleni. Yazibue kwa waya mwembamba.

Kwa nyumba za pwani kuna jambo moja ambalo watu hulikosea sana. Ukuta ukitoa unga mweupe wa chumvi, usiuoshe. Maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, ukikauka inatoka tena. Ipanguse kwa brashi kavu, uikusanye na kuitoa nje, kisha tafuta unyevu unatoka wapi kabla ya kupaka rangi.

Nyumba iliyojengwa juzi huwa na utando wa saruji juu ya vigae. Siki au asidi hafifu huuondoa, ila grauti, ile saruji ya kuziba nafasi kati ya vigae, iwe imeshakaa angalau wiki moja, na uilowanishe kwanza kwa maji ili isiifyonze asidi. Sakafu ya tarazo haitaki asidi hata kidogo, wala siki: ina mawe ya chokaa na itapoteza mng'ao moja kwa moja. Matone ya rangi kwenye kioo yalowanishe kwa maji ya sabuni, ndipo ukwangue kwa wembe. Ukikwangua pakavu, mikwaruzo haifutiki.

Choo kisafishwe kwa dawa yake peke yake. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Maji yale ya tenki yasifike hapo mpaka umesuuza vizuri. Nyumba ikinuka ingawa umeosha kila kitu, mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu la sakafuni. Yale maji yanayobaki kwenye bomba lililopinda ndiyo yanayozuia harufu na mende, na nyumba ikikaa tupu hukauka.

Deki sasa, kuanzia chumba cha ndani ukirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Dawa ya wadudu inafuata baada ya sakafu kukauka. Ukiipulizia mapema, deki inaiosha. Kwa nyumba iliyokaliwa, tafuta vitone vyeusi kwenye nyufa, fremu za milango na nyuma ya soketi (zima umeme kwanza, na humo usipulizie dawa ya maji): ni dalili ya kunguni, ambao huishi miezi bila kula. Dawa nyingi haziui mayai, na mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi. Kwa hiyo pulizia tena baada ya wiki mbili, na katikati hapo usidekie kingo za kuta. Kama mwenye nyumba anakuruhusu kupata funguo mapema, omba wiki hizo mbili kabla godoro lako halijaingia.