Re: Maua ya mikorosho yamekauka, shamba limefungwa?
Mkuu umeuliza kama kuna mtu kalifunga shamba lako la Newala, maana umepuliza salfa kama jirani ila maua yako yamekauka na yake yamebeba. Mi nakuomba sana kabla hujapeleka hela kwa mganga kayaangalie hayo maua kwa karibu. Yana ungaunga mweupe? basi huo ni ubwiriunga, ni kuvu tu, inapenda ule ubaridi na umande wa kuanzia mwezi wa sita, na salfa ni kinga, ukichelewa maua yakishashikwa hairudishi kitu. Ila kama hamna unga na vichipukizi vina mabaka meusi hao huenda ni mbu wa mikorosho, ni wadudu, salfa haiwafanyi kitu hata umwage mfuko mzima!! Muulize jirani alianza kupuliza lini na mikorosho yake ni mbegu gani, zipo zinazovumilia. Msimu ujao acha miti michache ya mbegu ileile bila dawa, ndo utajua dawa imefanya kazi au mwaka ulikuwa mzuri tu. Inaniuma kweli bibi wa watu ananyooshewa vidole kijiji kizima eti mchawi, kisa kuvu. Kata tawi lenye dalili upeleke TARI Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wakuangalizie.